Gusa, Sema, Usigeuze

Mzee Breki hakuwa na nywele kichwani, isipokuwa zile chache za juu ya masikio ambazo mkewe alisema mfagiaji alizisahau. Hakuwa na goti la kulia la kuaminika. Hakuwa na jino moja la mbele, kwa hiyo mluzi wake ulitoka na upepo mwingi kuliko sauti. Hakuwa na cheti kikubwa cha shule. Elimu aliyokuwa nayo aliipata kwenye masomo ya jioni, akiwa mtu mzima na ndevu zake, amekaa kwenye dawati la watoto magoti yakikaribia kidevu. Hakuwa na subira hata chembe kwa mtu anayeingia barabarani bila kutazama kioo. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na tarehe.

Tarehe ilikosekana kwenye barua. Barua yenyewe ilikwisha kuandikwa zamani, kwa ule mwandiko wake wa kulala kidogo, ikakunjwa, ikatiwa kwenye bahasha yenye anwani na stempu. Bahasha ikaachwa mdomo wazi ndani ya droo ya kabati la vyombo, chini ya vijiko. Ilikuwa ya kwenda kwa dada yake mkubwa. "Dada yangu mpendwa," ilisema, "leo nimeruka na ndege peke yangu. Mwalimu wangu alisema niko tayari, na mimi mwenyewe nilijua niko tayari." Zikafuata salamu za wifi yake, na swali juu ya macho ya dada, kama yanaendelea vizuri. Kilichobaki ni nafasi pale juu upande wa kulia, nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Dada huyo ndiye aliyemkunjia ndege za karatasi utotoni, kwa majalada ya madaftari yaliyokwisha kazi, na akamwambia, "Siku utakayoruka ya kweli, niandikie." Sasa masikio yake yalikuwa mazito. Kumpigia simu ilikuwa kazi ya kupiga kelele mpaka majirani wote wazijue habari. Barua alizisoma mwenyewe, polepole, kisha akawasomea majirani hao hao kwa raha zake.

Kazi ya Mzee, tangu ujana mpaka kustaafu, ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Jina la Breki alipewa na wanafunzi. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wake, na mguu wake haukuwahi kuwa mbali na breki ile. Hata kwa kinyozi, akinyolewa ndevu, wembe ukienda kasi kidogo, mguu wa Mzee ulikanyaga hewa.

Alipostaafu, mkewe alingoja kusikia kwamba atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Mzee akatangaza kwamba anakwenda kujifunza urubani.

"Urubani?" mkewe akauliza, mwiko mkononi. "Wenzako wanafuga kuku, bwana."

"Kuku nao wana mabawa, mama. Umewahi kuona wamefika popote?"

"Wanafika kwenye sufuria. Nawe kwa mwendo huo utafika huko huko."

Chuo cha urubani kilikuwa pembeni mwa mji: banda kubwa la mabati, ofisi yenye feni iliyolalamika mchana kutwa, na ndege mbili ndogo zenye mabawa ya chini. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamume mpana mwenye sauti nyembamba, kama vile amekodi sauti ya mtu mwingine. Fundi wa ndege alizungumza zaidi na injini kuliko na watu. Na mwalimu wa wanafunzi wapya alikuwa mwanamke mmoja wa umri wa binti yake Mzee, miwani ya jua kichwani, ambaye siku ya kwanza alimtazama Mzee kwa jicho la kuchokoza.

"Mzee Breki! Hunikumbuki?"

Mzee akamkagua kutoka kichwani mpaka viatuni. "Nakukumbuka. Rivasi."

"Rivasi hiyo hiyo! Ulinirudisha mara tatu kwa sababu yake. Basi karibu, Mzee wangu. Humu hakuna rivasi."

Tangu siku hiyo Mzee Breki alimwita Mwalimu, naye akamwita Mzee, na wakaelewana kama watu wanaodaiana kisasi cha kirafiki. Mzee alijifunza kupaa, kukata kona bila kuteleza, na kutua, ingawa ndege yake ilipenda kuruka kama chura kabla ya kukubali kukaa chini. Lakini jambo ambalo Mwalimu hakuchoka kulirudia ni injini kufa mara tu baada ya kupaa.

"Ikifa hapo, usigeuke kurudi uwanjani," alisema. "Hapo bado uko chini, ukigeuka unaanguka. Nimekwambia humu hakuna rivasi. Mbele ndiko kwako. Pua chini upate mwendo, chagua mahali, halafu ufanye mambo yako: koki, cheche, mlango."

Na alimtahini bila taarifa. Wakishapaa kidogo, Mzee akiondoa mkono kwenye wenzo wa mafuta ili akarudishe vibao vya nyuma ya mabawa, Mwalimu aliweka mkono wake juu ya wenzo ule. Kisha akaanza kuimba puani, wimbo usio na maneno, na ghafla akauvuta nyuma. Nguvu zote zikaondoka. Mzee akashusha pua, akachagua mahali, akapeleka kidole kwenye kila kitu na kutamka. Wakikaribia vilele vya miti, Mwalimu alisema, "Haya, tupande," akaurudisha wenzo mbele, injini ikanguruma, maisha yakaendelea.

Utaratibu wa kidole ulikuwa na sheria yake: gusa, sema, usigeuze. Koki ya mafuta ilikuwa ukutani karibu na goti la kushoto la Mzee, na ilichagua kama injini inywe kutoka tangi la bawa la kushoto au la kulia, au isinywe kabisa. Kuichezea hovyo angani ni kujitafutia makubwa. Kwa hiyo katika majaribio Mzee aliigusa, akasema, "Nimehamisha, tangi la kulia," akaiacha ilivyo. Cheche ilikuwa swichi ya kuwashia injini, na mlango ulipaswa kufunguliwa usije ukakwama wakitua vibaya. Aliupenda utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Ulimkaa kama koti lake la zamani, wala hakujiuliza kwa nini.

Basi, asubuhi moja ya anga safi, Mzee aliikagua ndege, akachungulia kila tundu la kuchungulia, akaingia. Mwalimu akakaa kulia kwake. Wakaenda mwisho wa njia, wakageuka, Mzee akasukuma wenzo mpaka mwisho. Magurudumu yakaachana na lami taratibu, bila chura hata mmoja. Ilikuwa ni kupaa kwa kupendeza, na Mzee, aliyekuwa na kawaida ya kujipongeza pale wengine wanapochelewa, akanyoosha mgongo.

Mwalimu akaweka mkono wake juu ya wenzo. Akaanza kuimba puani.

Ahaa, Mzee akajisemea, mtihani umekuja.

Akapeleka mkono kwenye vibao, na kweli, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Leo ameongeza na kikohozi, Mzee akawaza, kwa heshima ya mwalimu kwa mwalimu mwenzake. Anajua kazi, binti huyu.

"Pua chini," akasema kwa sauti, na akaishusha. "Sigeuki. Mbele ndiko kwangu. Naona paa la kiwanda cha matofali, silitaki. Naona miti, siitaki. Shamba lile lililovunwa, kulia kidogo, hilo nalitaka." Kidole kikashuka kwenye goti la kushoto. "Koki, nimehamisha, tangi la kulia. Cheche, nimeangalia. Mlango."

Mlango ulikuwa upande wa Mwalimu. Safari hii Mwalimu hakuugusa tu. Aliufungua kitasa, na upepo ukaingia ukipiga mluzi bora kuliko wa Mzee.

Kisha akashika redio, akawaita waongoza ndege. "Mnara, injini imezimika," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Tunatua shambani, mbele ya njia."

Hata watu wa mnara wameshirikishwa! Mzee akafurahi. Huu si mtihani tena, hii ni harusi.

Paa la kiwanda likapita chini yao, na wafanyakazi wawili waliobeba matofali wakainua nyuso. Miti ikakaribia. Mzee akangoja lile neno la kupanda. Halikuja. Miti ikapita chini ya magurudumu, karibu kiasi cha kuhesabu majani, na neno bado halikuja. Anangoja nitetemeke, Mzee akawaza. Atangoja sana. Nimewahi kukaa na kijana aliyetaka kupita katikati ya malori mawili yanayopishana, sikutetemeka. Nitetemeke kwa binti aliyeshindwa rivasi?

Shamba likainuka kuwapokea. Mzee akavuta usukani kidogo kidogo, ndege ikagusa kwa magurudumu ya nyuma, ikaruka ile ruka yake ya chura, ikagusa tena na kuanza kutetemeka kama ungo unaopepeta. Mguu wa Mzee ukakanyaga breki, na hapo alikuwa nyumbani kabisa. Ndege ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama hatua chache kutoka kwenye lundo la mabua. Vumbi likawapita taratibu.

"Mwalimu," Mzee akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu kidogo, "mbona hukusema tupande?"

Mwalimu akamgeukia. Uso ulikuwa umempauka, miwani imemwangukia puani. "Tupande na nini, Mzee?"

Mzee akautazama mkono wa Mwalimu. Ulikuwa bado juu ya wenzo. Na wenzo ulikuwa mbele, mbele kabisa, pale pale alipousukuma yeye mwenyewe uwanjani. Hakuna mtu aliyeuvuta.

"Funga koki!" Mwalimu akasema. "Zima kila kitu, tutoke!"

Mzee akaishika koki, na safari hii akaigeuza. Ilikuwa ngumu, ilibidi aikaze kwa vidole viwili na dole gumba. Kabla haijageuka akaona ilipokuwa imeelekea. Kushoto. Haikuwahi kusogea. Aliigusa, akasema, hakugeuza.

Akatoka nje nyuma ya Mwalimu, akashuka bawani kwa heshima zote. Akaketi chini kwenye mabua.

Watu walifika kutoka kila upande. Wafanyakazi wa matofali walikuja mbio wakipiga makofi. Mkuu wa chuo alikuja na pikapu akiwa amening'inia dirishani, akaruka kabla halijasimama, akamwinua Mzee kama mtoto.

"Mzee wa chuma!" akapiga kelele kwa sauti ile nyembamba. "Ndege nzima! Watu wazima! Hata tairi halijapasuka!"

"Alikuwa mtulivu kuliko mimi," Mwalimu akasema, na sasa rangi ilikuwa inamrudi. "Mimi nilikuwa tayari kumpokea usukani, nikaona wa nini? Anataja kila hatua kama anasoma gazeti. Nimefundisha marubani wangapi, sijaona moyo kama huu."

Mkuu hakungoja ofisi. Alitoa karatasi ya ruhusa kwenye mkoba wake, akaitandaza juu ya boneti la pikapu lenye moto, akatia sahihi. "Jumatatu unaruka peke yako, kwenye ile ndege nyingine. Mtu wa namna hii nimtahini nini tena?"

Hapo Mzee angeweza kusema habari za koki. Hata mdomo aliufungua. Lakini kichwa, tuseme ukweli, kilikuwa kimemvimba kidogo, na wafanyakazi wa matofali walikuwa wanamgombania mkono. Akatabasamu, pengo likaonekana, picha ikapigwa.

Fundi peke yake hakumpigia mtu makofi. Alilala chini ya bawa la kushoto, akachokoa kwa waya kijibomba kinachoingiza hewa kwenye tangi, na kwa ndani kabisa, pasipoonekana na anayechungulia, akatoa kipande cha tope kikavu.

"Nyigu," akasema. "Amejenga. Hewa haikuingia, mafuta hayakutoka." Akaenda bawa la kulia, akachokoa. Safi. Akajikuna shingo. "Koki mlihamisha?"

"Alihamisha," Mwalimu akajibu palepale. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Basi injini ilitakiwa iamke. Tangi la kulia ni zima." Fundi akaitazama injini kama rafiki aliyemficha jambo. "Kuna ugonjwa mwingine humo. Nitaifumua yote."

Nyumbani habari zilimtangulia Mzee. Mkewe alimpokea mlangoni, akamkagua mikono, akamkagua kichwa, akamgombeza, akamkumbatia, akamgombeza tena, halafu akamtilia chakula kingi. Mzee alipomaliza kula, mkewe akafungua droo ya vijiko na kumletea bahasha.

"Haya. Jumatatu unaijaza. Nisomee tena."

Mzee akasoma. Alipofika kwenye "Mwalimu wangu alisema niko tayari" sauti ilikuwa nzima. Alipofika kwenye "na mimi mwenyewe nilijua niko tayari" maneno yakamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Sina kitu ya wapi hiyo? Umekunja uso kama shati lililolaliwa."

Mzee akaiweka barua mezani na kumweleza yote: kuimba puani, kikohozi, harusi ya mnara, koki. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kwa hiyo ulitulia kwa sababu hukujua!"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilishawaambia majirani nimeolewa na simba!" Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Halafu kicheko kikakatika. "Sasa Jumatatu, pembeni yako atakaa nani?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya peke yako."

"Na ikikohoa, utagusa au utageuza?"

Mzee akaikunja barua, akaisogeza upande wa mkewe. Mkewe akairudisha drooni, chini ya vijiko, akafunga kwa nyonga.

Asubuhi Mzee alikwenda bandani akiwa amevaa shati la kwenda kwenye mambo mazito. Fundi alikuwa ameshafumua. Plagi zilipangwa juu ya kitambaa kama meno ya mnyama, na mwenyewe alikuwa amepinda ndani ya injini mpaka mabegani. Mkuu na Mwalimu walisimama karibu na vikombe vya chai.

"Shujaa huyo!" Mkuu akasema. "Karibu chai."

"Ahsante, nitakunywa nikimaliza kusema, kama bado mtanipa," Mzee akajibu. Akavuta pumzi. "Fundi, injini yako haina ugonjwa. Koki sikuihamisha. Niligusa tu. Nilidhani ni mtihani, tangu mwanzo mpaka magurudumu yalipogusa mabua. Mngeniambia ni kweli, sijui ningefanya nini."

Kikombe cha Mkuu kilisimama njiani. Fundi akatoa kichwa taratibu kutoka kwenye injini, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Mzee wangu," akasema, "ungeniambia jana, ningelala."

"Nisamehe."

Akamgeukia Mwalimu. Mzee alijiandaa kupokea maneno makali, na aliona anastahili. Lakini Mwalimu alikuwa anakaa polepole juu ya kreti, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Uligusa, ukasema," akanong'ona.

"Gusa, sema, usigeuze. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Na mimi unajua nilifundishwa na nani?"

Mzee akamtazama.

"Gari lako jeupe, Mzee. Hendibreki. Waya wake ulibaki uzi mmoja, ukaogopa tutaukata. Tukisimama mlimani unatuambia: gusa, sema nimevuta, usivute. Wewe huku umekanyaga breki yako. Nikaona, huyu mtu ana njia nzuri ya kufundisha! Nikaja nayo mpaka angani."

Mzee aliliona gari lile jeupe mbele ya macho yake, na foleni ndefu ya vijana aliowafundisha kutovuta hendibreki, sasa wako barabarani mahali fulani, mlimani, wanagusa na kusema.

"Mungu wangu," akasema.

"Ndiyo maana nilishindwa rivasi!"

"Hapana, rivasi ulishindwa kwa sababu hukutazama kioo."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na wengine wakafuata. Mkuu alicheka wa mwisho na akaacha wa kwanza. Aliingia ofisini, akatoka na karatasi ya ruhusa, akaipiga mstari mrefu juu ya sahihi yake mwenyewe.

"Shujaa wangu wa siku moja," akasema. "Mtaanza upya, nyote wawili. Chini kwanza, injini imezimwa, na mnageuza kweli. Nisisikie neno gusa ndani ya banda hili."

"Na Jumatatu?" Mzee akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Jumatatu ipo kila wiki."

Ilimuuma, si haba. Kurudi nyumbani na kuwaambia majirani kwamba simba amenyang'anywa karatasi si kazi ya kila mtu. Lakini alipiga moyo konde akaanza. Alikaa ndani ya ndege iliyoegeshwa, macho yamefungwa kwa kitambaa, Mwalimu akipiga kofi ghafla na kusema "Imekufa!", naye akitafuta koki kwa vidole viwili na dole gumba na kuigeuza mpaka ilie. Mwanzoni aliikosa na kushika goti lake. Baadaye mkono ulikwenda wenyewe. Nyumbani nako hakupumzika. Jioni moja mkewe alikuwa anakaanga, akakohoa kwa sababu ya moshi, na kabla hajamaliza kukohoa Mzee alikwishaunyoosha mkono na kuzima jiko la gesi.

"Nimegeuza!" akatangaza.

"Umegeuza vitunguu vyangu, wewe mzee!" mkewe akamwambia. Lakini alipowasha tena jiko alikuwa anatabasamu.

Wakaruka tena pamoja, mara nyingi. Ikaja asubuhi ambayo Mwalimu aliimba puani, akauvuta wenzo, na Mzee akashusha pua, akachagua mahali, na mkono wake ukaenda kwenye koki, ukaigeuza mpaka ikalia, kwa namna ambayo mtu wa upande wa pili angeisikia. Moyo ulimdunda, safari hii. Jasho jembamba lilimtoka shingoni. Hata hivyo mkono haukungoja moyo.

"Haya, tupande," Mwalimu akasema.

Baada ya kutua akamwambia asimame pembeni ya njia, injini ikiwa inaunguruma. Akafungua mkanda wake, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kunywa chai."

"Na mimi?"

"Wewe una kazi." Akashuka bawani, halafu akarudisha kichwa ndani, nywele zikipeperushwa na upepo wa pangaboi la ndege. "Siku ile sikuwa naimba ili nikutege, Mzee. Ulikuwa umepaa vizuri. Nilikuwa nimefurahi tu." Akafunga mlango.

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu kuliko kitu chochote kitupu alichowahi kuona. Mzee akasukuma wenzo mpaka mwisho. Ndege, iliyopungukiwa na uzito wa Mwalimu, ilipaa mapema kana kwamba imechokozwa. Kiwanda cha matofali kikapita chini, miti ikapita, shamba likapita, limeshaota kijani tena. Mkono wa Mzee ukashuka kwenye koki na kutulia hapo, tayari. Injini haikukohoa. Baada ya muda akasikia mtu anaimba puani, akageuka kutazama kiti cha kulia, ndipo akatambua ni yeye.

Alizunguka, akarudi, akatua. Chura aliruka mara moja, kwa salamu. Kando ya uzio, pale ambapo mkewe aliapa hatakanyaga, alisimama mwanamke mwenye mkoba mkubwa, mkono mmoja kifuani.

"Umefuata nini huku?" Mzee akamuuliza alipomfikia, pengo lote nje.

"Nilikuwa napita."

"Unakwenda wapi, uwanja umeishia hapa?"

"Usinihoji, muulize Mwalimu wako." Akafungua mkoba, akatoa bahasha, mdomo wake bado wazi, na kalamu. "Jaza tarehe kabla hujavimba kichwa."

Mzee akaiweka karatasi juu ya bawa lenye joto na kuandika tarehe pale juu kulia. Akasoma barua yote tangu mwanzo. Safari hii maneno hayakukwama popote. Chini kabisa, baada ya swali la macho, akaongeza mstari mmoja: "Dada, kuna mara moja nilitua shambani bila kujua ninachokifanya, nitakusimulia. Ya leo nilikuwa najua."

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuikandamiza kwa dole gumba mara mbili. Wakaenda wote posta, yeye na mkewe, yeye akitembea katikati ya njia kama anayeongoza gwaride. Kwenye sanduku la barua akaifikisha bahasha mdomoni mwa sanduku, akaishikilia hapo kidogo.

"Nimetuma," akasema.

"Umegusa," mkewe akamwambia, "au umetuma?"

Mzee akaisukuma, mpaka wote wawili wakaisikia inaangukia chini.